Kaplingi ya shafti iliyogoma kutoka kwenye boti: tupeane uzoefu

Wakuu, poleni na majukumu. Kama umewahi kulala kifudifudi juu ya injini, mkono mmoja uko ngamani (chini kabisa ndani ya boti) ukipapasa spana, unajua ninachozungumzia. Bolti za kuunganisha kaplingi (kipande kinachoshika mwisho wa shafti ya propela) na giaboksi hutoka bila ubishi. Shida ni kaplingi yenyewe: shafti ya chuma cha pua haili kutu kirahisi, kaplingi ya chuma cha kawaida inaoza, na ile kutu inavimba mpaka vinashikana kama vimechomelewa.

Naanza mimi. Kwanza skrubu za ubavuni zitoke zote, pamoja na waya unaozifunga. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa. Narudisha shafti nyuma kidogo, naweka soketi ya spana katikati ya sahani mbili (flanji), ya kaplingi na ya giaboksi, iegemee ncha ya shafti. Soketi iwe nyembamba kuliko shafti, maana lazima ipite ndani ya tundu la kaplingi. Kisha bolti ndefu ngumu, nakaza kwa zamu kimsalaba, robo mzunguko kila moja. Ikigoma, naiacha ikiwa imebanwa hivyo, napulizia dawa ya kutu, naenda zangu kunywa chai. Kuna siku niliisikia ikilia "paa!" yenyewe bila mtu kuigusa.

Haya, wewe uliitoaje?

Ngama Kavu:
Mkuu, soketi naikubali, ila sikubali kutumia flanji ya giaboksi. Bolti zinavuta kingo, soketi inasukuma katikati. Ikipinda hata kiduchu, utaishi na mtetemo. Mimi nilitafuta bamba nene la chuma, nikatoboa matundu yanayolingana na ya kaplingi, nikalifunga mahali pa flanji. Likipinda, limepinda bamba.

Spana Mkononi:
Nyundo je? Fundi aliyenitangulia kwenye boti moja aliipiga kaplingi ikiwa bado imefungwa na giaboksi. Kaplingi haikutoka. Beringi za giaboksi ndizo zilizoanza kuunguruma.

Baharia wa Zamani:
Nyie wote mnaongea kama boti iko nchi kavu. Ikiwa majini, kabla ya kugusa chochote funga klempu kwenye shafti, ndani ya boti, mbele ya pale inapotokea nje. Shafti ikiachia ghafla inakimbia kuelekea tezi (nyuma ya boti), na ikichomoka kabisa, bahari inaingia kwa tundu lile lile. Nimeiona moja imezuiwa na usukani tu. Siku hizi hata vigingi vya mbao vya kuziba tundu naviweka karibu.

Moto Kidogo:
Mimi ni wa moto. Pasha kaplingi, siyo shafti, tena haraka, ili itanuke kabla shafti haijapata joto. Lakini dawa ya kutu ile inawaka, mvuke wa petroli unatuama ngamani, na mpira wa kizibo cha shafti uko pale pale. Kwenye boti ya petroli siwashi kabisa. Ya dizeli, nafuta mafuta yote, nafunga kitambaa kibichi kwenye mpira, mtu anasimama na kizimamoto.

Grenda:
Kaplingi ni rahisi kupata kuliko shafti. Mimi nachana juu ya mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia kaplingi isizunguke peke yake kwenye shafti), naacha ngozi nyembamba, patasi inamalizia. Hata grenda ikiteleza, chini yake kuna kii, siyo shafti. Swali kwa mwanzisha uzi: ukirudisha mpya, unalinganishaje?

Mwanzisha uzi:
Kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo), boti ikiwa imeshaelea, kwa sababu bodi hubadilika umbo ikitoka nchi kavu. Nazileta sahani zigusane, napima juu, chini na pande zote mbili. Kwa flanji ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Halafu nazungusha shafti nusu, napima tena. Pengo likizunguka pamoja na shafti, usihangaike kurekebisha maguu ya injini: kaplingi haikukaa sawa, au shafti imepinda.

Spana Mkononi:
Hapo kwenye kuzungusha ndipo shida yangu ilipo. Ngoja nikapime.