Albamu ya elektroniki ya sauti za Amani na Pangani inasikika kama tangazo la utalii, naomba ushauri

kijani_amani
Wakuu, habari za jioni. Kuna nyimbo nane hapa zisizo na maneno: sinthesaiza, mdundo mwepesi wa 72 kwa dakika, na sauti zilizonaswa msitu wa Amani (nyenje, hondohondo, mvua kwenye majani) pamoja na mikoko ya Pangani. Rekoda ndogo ya stirio, biti 24, 48 kHz. Shida ni tatu. Sauti za msitu zinaelea juu ya muziki kama zimebandikwa. Za Pangani zimejaa upepo. Na nikitoa MP3, mvua inageuka kitu kinachozungukazunguka. Nataka msikilizaji aguswe. Nianzie wapi?

besi_ya_chini
Anzia kwenye tyuni, mkuu. Dalili zote zinaonyesha muziki ulitungwa kwanza, ndege wakaja baadaye. Geuza. Chukua sekunde 20 za rekodi, tafuta sauti inayoshika noti: ndege wa mluzi, chura, chochote. Ipime kwa programu ya masafa. Tuseme inasoma 1,800 Hz. Noti ya A iliyo karibu ni 1,760, kwa hiyo ndege yuko juu yake kwa senti 39 (senti 100 ni nusu hatua ya kinanda). Usimshushe ndege, pandisha sinthesaiza zote senti 39 na utunge kwenye A. Ndege akivutwa sana anaanza kulia kiplastiki.

Kuhusu hisia: kordi mbili zinatosha, noti moja ya chini ikibaki palepale. Ondoa noti ya tatu ya kordi, ile inayotangaza furaha au huzuni, weka ya pili au ya nne. Sauti iingie taratibu, sekunde 2 hadi 4. Wanaorundika kordi saba ndio wanaoishia kwenye matangazo ya hoteli.

mnasa_sauti
Upepo wa Pangani hauponi kwenye kompyuta. Upepo ukishakata vilele vya sauti, chujio la 80 Hz linaondoa mngurumo tu, mikwaruzo inabaki. Nasa upya. Ufukweni sponji peke yake haitoshi, ivalishe kifuniko cha manyoya. Kusi ikiwa kali, Juni hadi Agosti, nenda alfajiri kabla jua halijapasha nchi kavu, au subiri maleleji, ule utulivu kati ya kusi na kaskazi.

Mikoko inasema zaidi maji yakikupwa. Siku za bamvua maji yanarudi mbali na tope linabaki wazi: kaa, viputo, milio midogo ya kutatarika. Maikrofoni iwe sentimita 30 hivi kutoka kwenye tope, vilele visizidi -12 dB. Weka rekoda kwenye kigoda cha miguu mitatu, washa, kisha ondoka hatua 30. Nguo na pumzi zako zinasikika kuliko unavyodhani.

Mvua usiinase chini ya mwavuli, utapata sauti ya mwavuli. Na kama unapanga kushusha sauti oktava nzima, nasa kwa 96 kHz. Rekodi ya 48 kHz inaishia 24 kHz, ukiishusha oktava inaishia 12 na juu panakuwa pamefifia. Jiandae kwa takriban GB 2 kwa saa badala ya 1. Amani ni hifadhi, kwa hiyo ulizia kibali ofisini kwao kabla ya kuingia na vifaa.

fundi_miksi
Kubandikwa kunatokana na vyumba viwili tofauti: sinthesaiza haina chumba kabisa, msitu unao wake. Peleka vyote viwili kidogo kwenye mwangwi mmoja, ukiwa umekata chini ya 250 Hz kabla ya kuingia humo. Dilei (sauti inayojirudia baada ya muda) kwa mdundo wa 72 ni milisekunde 833 kwa pigo zima, au 625 kwa robo tatu ya pigo. Hiyo ya 625 ndiyo inayoleta mwendo bila kuongeza ngoma.

Nyenje wengi wanajaa kati ya 4 na 8 kHz, palepale panapokaa haihati, zile sahani mbili za ngoma zinazogongana. Toa haihati. Kazi hiyo nyenje wanaifanya tayari.

mzee_wa_fader
Napingana na fundi hapo kwenye mwangwi mmoja. Kilichonaswa karibu, kama matone kwenye jani, sawa, kipeleke. Mvua ya mbali imeshakuja na nafasi yake, ukiiongezea mwangwi unapata ukungu mtupu. Iache kavu na uipunguze 3 dB sinthesaiza inapoingia.

MP3: mvua ni kelele ya masafa yote kwa wakati mmoja, bila mpangilio. Kwa 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde) kisimbaji, yaani kinachobana faili, kinaishiwa biti na kuanza kubahatisha, ndiyo huko kuzunguka unakokusikia. Sampuli za kutuma WhatsApp ziwe 320, msambazaji mpe WAV. Pia punguza mvua juu ya 12 kHz na ubane upana wake wa stirio, inakuwa rahisi kusimbwa.

Masta, yaani toleo la mwisho, usiikamue. Spotify inasawazisha karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), na muziki wa namna hii ukikaa -16 hauna ubaya. Kilele cha kweli -1 dB. Limita (kizuizi cha vilele) ikishusha zaidi ya 2 dB, sehemu za kimya zinapanda, na nyenje wanapiga kelele kuliko kinanda.

kijani_amani
Shukrani sana wakuu. Wimbo wa mvua una dakika 9, nikate? Na kuna perere (yule pimbi wa mitini anayepiga mayowe) aliyenaswa usiku, yeye akae wapi?

besi_ya_chini
Dakika 9 si tatizo, ila kila sekunde 40 hivi kitu kimoja kibadilike: chujio lifunguke, noti ya chini ihame, au mvua ikatike ghafla na kordi ibaki peke yake. Hapo pa mvua kukatika ndipo mtu anaposisimka, kwa hiyo ifanye mara moja tu.

Perere mweke kuanzia wimbo wa tano huko, tena mshushe 6 dB. Akilia wimbo wa kwanza watu watavua hedifoni.