Nina ujauzito, kliniki wanataka kuniziba gego kwa zebaki. Naombeni ushauri

Mama Kijacho
Habarini wakuu. Nina ujauzito wa miezi mitano. Gego la chini limetoboka, nikinywa maji ya baridi naruka. Nimekwenda kliniki, dokta kachungulia akasema uozo haujafika kwenye mshipa, kwa hiyo litazibwa tu. Nikamuuliza litazibwa kwa nini, akanionyesha kikapsuli cha plastiki: "Hii ya kijivu ndiyo ngumu, utaisahau." Kumbe ndiyo ile yenye zebaki. Nikaomba nikafikirie kwanza.

La pili: huku juu nina meno mawili yaliyozibwa kwa hiyo hiyo ya kijivu tangu nasoma shule. Moja limemeguka ukingo, ulimi kutwa uko hapo. Mume wangu amesomasoma mitandaoni, sasa hataki kusikia kitu, anasema zote zitolewe kabla sijajifungua. Mama mkwe naye anasema mjamzito haguswi jino mpaka ajifungue. Nimsikilize nani? Nawasilisha.

Bwana Gego
Toa zote dada, zebaki ni sumu. Kule Minamata, Japani, watu walikufa na watoto wakazaliwa na ulemavu kwa zebaki hiyo hiyo. Shemeji yuko sahihi.

Tabibu wa Kinywa
Bwana Gego, punguza moto mkuu, utamtia mtu presha bure. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya methili, aina tofauti na ya meno: kiwanda kilimwaga maji machafu baharini, ikaingia kwenye samaki, watu wakala. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Ya kwenye jino ni zebaki ya metali iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba, na yenyewe ni karibu nusu ya uzito wote. Ikishakaza hutoa mvuke kidogo sana, unaoongezeka kidogo mtu akitafuna au akisaga meno usiku. Mvuke hupanda zaidi siku ya kuiweka na siku ya kuitoboa ili itoke.

Sasa dada, hapo una maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Za zamani ambazo ni nzima, ziache. Ukizitoboa leo unavuta mvuke ambao usingeuvuta zikikaa zilipo, na mvuke wa zebaki unapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Juu ya hilo unapoteza na sehemu ya jino isiyooza iliyoizunguka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema hivyo hivyo mwaka 2020: wajawazito wasiwekewe mpya, ila iliyopo na haina shida isitolewe, labda pawe na sababu ya kitabibu.

Hilo gego la chini lililotoboka sasa ndilo la kukataa zebaki. Wala usione haya kukataa, huleti ujuaji. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba meno ya utotoni, watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasizibwe kwa zebaki, isipokuwa daktari akiona hakuna namna. Umoja wa Ulaya ulizuia kwa makundi hayo tangu 2018, na kuanzia Januari 2025 umeacha karibu kwa kila mtu. Norwei waliacha 2008, Uswidi 2009. Na mwishoni mwa 2025 huko Geneva wanachama wa mkataba wamepanga matumizi yakome kabisa ifikapo 2034.

Mama mkwe mpe heshima yake, ila jino linalooza halisubiri uchungu wa kuzaa. Ganzi ya kawaida na kuziba vinafanyika kwa mjamzito, na miezi ya katikati kama uliyonayo ndiyo myepesi zaidi kukaa kwenye kile kiti.

Mama Kijacho
Asante sana dokta, nimekuelewa. Ila huyo wa kliniki alisema nyeupe kwenye gego haidumu, nitarudi kila mara. Kweli?

Tabibu wa Kinywa
Ana ukweli wake, siwezi kumbishia mwenzangu kwa hilo. Kwenye magego, ya kijivu kwa kawaida hukaa muda mrefu kuliko kompositi, yaani hiyo nyeupe. Kompositi ina masharti: jino linapakwa asidi, linaoshwa, linakaushwa, linapakwa gundi, halafu unajaza tabaka kwa tabaka na kila tabaka unalimulika kwa taa ya bluu. Tone moja la mate likipenya katikati ya kazi, umepoteza. Ndiyo maana wengi wetu, hasa pale foleni inapofika mlangoni, tunakimbilia kijivu: unaisindilia, unaichonga umbo, mgonjwa mwingine anaingia.

Asichokwambia ni kwamba kijivu haishiki kwenye jino. Inabidi jino lichongwe tundu pana chini, jembamba juu, ili isichomoke. Unakata uozo, unakata na uzima. Miaka inapita, kuta zilizobaki nyembamba zinapasuka. Nyeupe inagandamana na jino lenyewe, unaondoa kilichooza tu.

Na kuna glasi ayonoma, kizibio kingine kisicho na zebaki, ambayo mimi kwa hali yako ningeianza. Inashika yenyewe bila gundi, haiogopi unyevu sana, na inatoa floraidi taratibu. Udhaifu wake ni nguvu: tundu likiwa kubwa au limekula pande mbili za jino, italika. Tundu dogo la juu ya gego inaliweza vizuri. Unaweza hata kusafishiwa kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha ikajazwa. Mbinu hiyo ilianza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na leo iko dunia nzima. Ukishajifungua na ukitulia, likihitaji kompositi juu yake litawekewa.

Msaidizi wa Kitini
Samahani mwenye uzi, nachomekea. Mimi ni msaidizi wa dokta wa meno. Hapa kwetu nyeupe ipo, ila bosi anasema kapsuli za kijivu zilizobaki ziishe kwanza. Na mabaki tunayotupa yanaenda pamoja na sindano na pamba, yanachomwa. Ni sawa?

Fundi Mabaki
Si sawa hata kidogo. Nimefanya kazi na taka za hospitali, nakwambia zebaki haiungui. Ukiitia kwenye tanuri inageuka mvuke, inapanda na moshi, inarudi chini na mvua. Ikifika mtoni au ziwani, vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza methili, inapanda mpaka kwa samaki. Tafuteni chombo kigumu chenye mfuniko unaobana, kiandikeni wazi, wekeni humo mabaki yote: kilichozidi kwenye kikombe, kapsuli zilizotumika, vipande vya kichujio cha kiti, hata jino lililong'olewa likiwa na kijivu. Kisichukuliwe na gari la taka za kuchoma. Na maji ya kutemea yawekewe kitenganishi kabla hayajaingia kwenye bomba, vipo vinavyonasa asilimia 95 na zaidi ya mabaki hayo.

Bwana Gego
Kumbe Minamata yangu haikuwa mbali hivyo 😀

Fundi Mabaki
Haikuwa mbali mkuu, ulikosea njia tu. Kwa huyu dada haipiti mdomoni, inapitia bomba la kliniki.

Tabibu wa Kinywa
Msaidizi, mwambie bosi wako kumaliza kapsuli kusianzie kwa watoto na wajawazito, hao nyeupe tayari ipo. Wakipungua hao, kapsuli zenyewe zitaagizwa chache. Na kama bado mnayo zebaki ya chupa, ile ya kuchanganya wenyewe na unga, hiyo haitakiwi kwenye chumba cha meno tangu makubaliano ya 2022.

Mama Kijacho
Nimepiga simu kliniki nyingine, wana hiyo glasi ayonoma, naenda wiki ijayo. Mume wangu kasoma uzi wote, kanyamaza, nadhani kaelewa. Sasa huu ukingo uliomeguka huku juu niufanyeje?

Tabibu wa Kinywa
Mwonyeshe dokta siku hiyo hiyo. Kama chini yake hakuna uozo na haukukati ulimi, subiri ujifungue. Ukikukata, pengo dogo linazibwa kwa nyeupe pale pale palipomeguka bila kuitoa kijivu yote. Ikilazimika kutoka, mwambie aikate vipande vikubwa vikubwa asiisage, maji mengi, kifyonzeo kikubwa karibu kabisa na jino, na ule mpira wa kutenga jino kama anao. Chakula kikianza kunasa hapo, au likikuamsha usiku, rudi mapema usingoje kujifungua.