Binti yangu ana selimundu (sikoseli), bweni limemshinda. Anaweza kusoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) nyumbani akafika chuo?

MamaUjiji
Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba msaada kwa anayejua maana mimi mwenyewe niliishia la saba. Binti yangu ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne kapata divisheni ya pili, Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Kiswahili B. Akachaguliwa PCB shule ya bweni mkoa wa baridi huko. Sasa ana selimundu tangu mdogo, nikampeleka hivyo hivyo kwa sababu alikuwa na hamu sana, mwezi haujaisha napigiwa simu kalazwa, yale maji ya baridi ya alfajiri na mchakamchaka vilimuangusha, nimemkuta mifupa inamuuma analia mpaka sauti imekauka. Nikarudi naye nyumbani.

Tangu hapo hajaacha kusoma. Jioni nikimaliza kupimia watu dagaa anafuta meza anatandika gazeti anaweka daftari zake, anaandika weee, akikwama ananyanyua macho ananiangalia na mimi sina la kumwambia. Hilo ndo linaloniuma. Anataka kuwa mfamasia. Je mtoto anaweza kusoma kidato cha tano na sita nyumbani hapa hapa Ujiji akafanya mtihani wa taifa na chuo kikuu kikampokea? Jirani ananiambia PC ni ya waliofeli tu.

Mwl_Isevya
Mama pole sana na mpe pole binti. Nimefundisha kemia A-level hapa Tabora miaka mingi, nikuambie moja kwa moja inawezekana, na jirani asikuvunje moyo. PC maana yake ni mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni ule ule wa NECTA, Baraza la Mitihani, wa mwezi wa tano, chuo kinaangalia alama. Sharti la kuingia mtihani wa kidato cha sita ni credit tatu za kidato cha nne, yaani C kwenda juu, binti anazo nne.

Vyuo vikuu kwa ujumla wanataka principal pass mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), lakini kwa ufamasia usihesabu mbili, lazima asimame vizuri kwenye Kemia, Baiolojia na Fizikia zote.

Shida kubwa ya wanaosomea nyumbani ni pepa ya tatu, ya praktiko. Nilishapokea kijana alijisomea mwenyewe mwaka mzima, nadharia alikuwa nayo kichwani yote, ukimuuliza anakujibu kabla hujamaliza swali. Siku ya kwanza nikamuweka mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, afanye titresheni, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi ya chupani ibadilike, akafungua koki yote, ile rangi ya manjano ikaruka ikawa nyekundu kabla hajajua asidi ngapi imeshuka. Tukarudia, ikapita tena. Alikuja kushika mkono wiki ya tatu, kufunga koki kwa vidole viwili huku mkono mwingine unatikisa chupa, tone moja, unasubiri, tone lingine. Hicho hakuna daftari litakalomfundisha mama. Nenda kwa mkuu wa shule yoyote ya karibu yenye maabara, muombe Jumamosi, jitolee kuchangia kemikali, wengi ni watu waelewa. Na uende sasa hivi, usingoje miezi miwili ya mwisho kila mtu anapokimbilia maabara.

Halafu kingine, kidato cha tano sio kidato cha nne kilichoongezwa kurasa. Mtoto anasoma notsi anaona kaelewa, siku ya mtihani swali linamtaka aeleze kwa nini anakwama. Kila wiki apewe past pepa moja akae nayo masaa matatu kamili bila kufungua kitabu, na aisahihishe mtu anayelijua somo, sio yeye mwenyewe.

kijana_mwandiga
Mama mkubwa shikamoo. Mimi nilisoma PC hapa Kigoma, HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), nikafika chuo, kwahiyo hilo la waliofeli lisikusumbue. Kilichonitesa ni upweke sio ugumu, unasoma peke yako hujui kama uko mbele au nyuma ya wenzako, nilipopata wawili wa Katubuka tukawa tunakutana Jumatano na Jumapili kila mtu anafundisha mada yake ndo nikaanza kwenda. Mtafutie hata mwenzie mmoja wa PCB. Vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandao, na ahakikishe anafuata muhtasari sahihi maana mtaala mpya umekuwa ukiingia kwa hatua tangu 2024. BAM nayo, zile hesabu za ziada za PCB, asiidharau. Usajili wa kidato cha sita unafunguliwa Julai mwaka wa kabla ya mtihani, mtafutie senta ya kufanyia mtihani mapema.

dawa_na_maji
Mi nafanya kazi famasi, naomba nitofautiane kidogo. Kwa mtoto anayeumwa, miaka miwili ya presha ya PCB peke yake nyumbani ni mzigo. Kwa alama zake anaweza kuomba diploma ya ufamasia moja kwa moja, ni miaka mitatu, akipata GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 na kuendelea anaweza kuomba digrii, na atakuwa ameshika dawa kwa mikono yake tayari. Muulizeni daktari wa kliniki kuhusu hydroxyurea, dawa ya selimundu, kama hajaanza, na popote atakaposoma chupa ya maji iwe mezani, asikeshe.

Mwl_Isevya
Hiyo njia ni nzuri sikatai, mimi mwenyewe nina wanafunzi walipitia huko. Ila tumuulize binti kwanza. Cheti cha kidato cha nne hakiozi, akijaribu PCB mwaka mmoja mwili ukikataa diploma bado ipo.

MamaUjiji
Nimemsomea binti yote, alikuwa amekaa pembeni yangu. Kasema PCB kwanza, diploma iwe akiba. Leo nimeenda shule ya jirani nimevaa kitenge changu cha harusini, mkuu amenisikiliza mpaka mwisho, kasema aje Jumamosi saa tatu asubuhi jua likishatoka na avae sweta, amtafute mwalimu wa maabara. Sasa hivi ananiuliza bureti inashikwaje, nimemwambia asome hapo juu kwa mwalimu, koki vidole viwili, tone moja anasubiri.