Modela ya ampu inanikwaruza masikio ukumbini

Solo wa Ujiji: Wakuu, napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Ujiji. Usiku chumbani, kwa hedifoni, modela yangu (kile kifaa kinachoigiza sauti ya ampu) ni tamu kabisa. Jumamosi nikaichomeka kwenye mikseri ukumbini Mwanga, ikawa nyuki ndani ya debe. Nataka kila uzi usikike kwenye sebene. Nakosea wapi?

Fundi Mitambo: Mkuu, kabineti ya kuigiza, ile sehemu ya modela inayoiga spika ya gitaa na boksi lake, umeiwasha? Ukiingia kwenye mikseri, iwashe. Ukiingia kwenye ampu yenye spika yake ya gitaa, izime. Spika ya gitaa hufifiza sauti za juu kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 hivi; bila kabineti mikwaruzo yote inapita.

Mzee wa Rithimu: Na gaini, ile nguvu inayoikwaruza sauti, punguza, kijana wangu, sebene halitaki uchafu. Chini ya hezi 100 kata, mwachie mpiga besi. Tena usipange kwa sauti ndogo: hapo sikio halishiki besi vizuri, unaiongeza, ukumbini inafurika.

Solo wa Ujiji: Shikamoo mzee, asante. Kabineti ilikuwa imezimwa upande wa mikseri, inafanya kazi kwenye hedifoni tu! Leo mazoezini nimeiwasha, nikakata juu ya hezi 6,000, na efekti ya korasi, ile ya kuinenepesha sauti, kidogo tu. Uzi wa kwanza umelia mpaka mpiga tumba akaacha kupiga, anasikiliza.