Ng'ombe wangu wa Friesian anarudi joto (anataka dume tena) kila siku 21, shida ni jua ama ni mbegu?

MfugajiRuai: Habari zenu wafugaji. Niko Ruai, nina Friesian wawili nawafugia ndani, paa ni mabati. Huyu mkubwa nimemdungisha mbegu mara tatu tangu Januari na kila baada ya siku 21 anarudi, na hii ya mwisho hata hakupanda mwenzake, niliona ute tu asubuhi halafu kimya. Daktari amempima hana ugonjwa. Saa nane mchana anahema ulimi nje. Jua linaweza kuzuia mimba kweli? Pesa imeenda mingi na roho inaniuma.

MamaMaziwa: Pole sana ndugu yangu. Linaweza, tena sana. Friesian asili yake ni Uholanzi huko kwa baridi, na akitoa maziwa mengi mwili wake wenyewe unazalisha joto, sasa ongeza jua la Februari. Ng'ombe akichemka ndani zile siku chache za kwanza baada ya kudungwa, mimba changa inaharibika kabla hujajua, yaani pengine alishika, ndio unaona anarudi siku 21 kama kawaida. Na dalili zinakuwa fupi, nyingi anaonyesha usiku kukipoa na wewe umelala. Mwangalie saa nne usiku na tena alfajiri. Ukimwona asubuhi adungwe jioni, ukimwona jioni adungwe asubuhi.

Wa_Kamulu: Mabati ya chini ndiyo yalikuwa yananimaliza. Niliinua paa, nikatandaza nyasi juu, maji nikaweka karibu asikose hata usiku, chakula kingi nikahamishia jioni. Na usikimbilie dume la jirani, mbegu ya dume hutengenezwa kwa miezi miwili hivi, kwa hivyo jua lililompiga leo linaweza kukuharibia mwezi ujao hata kama mvua imeshanyesha.

Olkitengela: Kwangu ni kukavu zaidi, nilihamia chotara wa Sahiwal, ng'ombe wa nundu wale wanafugwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Naivasha. Ng'ombe wa nundu hata mimba yake changa huvumilia joto kuliko ya Friesian. Maziwa yatapungua, hilo nakwambia ukweli, lakini ndama unapata.

MfugajiRuai: Asanteni sana, hamjui mmenisaidia aje. Paa langu nikisimama nalishika kwa mkono, kumbe nimewapika. Kumuuza siwezi, ni mama yake huyu mdogo. Fundi anakuja kesho, na leo saa nne niko zizini na tochi.