Kikundi cha Majirani, Gungu, Kigoma: Kichuguu cha Kiwanja cha Kona

Baba Zawadi: Asalaam alaykum, majirani. Kesho nimepanga kuleta vijana wachimbe kichuguu cha kiwanja cha kona, kwa kuwa udongo wake unafaa kwa tofali na mwenye kiwanja ameniruhusu. Mwenye neno naomba aseme mapema.

Bibi Mwajuma: Wa alaykum salaam, mwanangu. Neno ninalo. Mvua za kwanza zinaponyesha, nyumba zote za mtaa huu hupata kitoweo kutoka kichuguu hicho. Tunawasha taa juu ya beseni la maji, kumbikumbi wanaifuata na kutumbukia. Kisha tunawakaanga bila kuongeza hata tone la mawese, maana wana mafuta yao wenyewe, tunawaanika na kupepeta mabawa kwa ungo. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti na dagaa wakaadimika, mwenye akiba ya kumbikumbi wakavu alikuwa na mboga.

Mama Neema: Shikamoo, Bibi. Ninakubali kwamba ni watamu, lakini je, si mchwa haohao wanaotafuna mbao za nyumba zetu? Na tukiwala kila mwaka, hawataisha?

Mwalimu Mstaafu: Mama Neema, hofu ya mbao ni ya haki, na nyumba ijengwe kwa kinga, hata hivyo mchwa wa vichuguu vikubwa hula zaidi miti iliyokufa na majani makavu, na humo ndani hulima kuvu ambao katika masika huchipua uyoga mkubwa tunaouchuma sote. Kuhusu kuisha, kumbikumbi ni madume na majike wanaoruka kwenda kuanzisha makao mapya, na wengi wao huliwa na ndege na mijusi kabla ya kufika popote, ilhali malkia hubaki chini akiendelea kutaga. Anayevuna kwa taa anachukua sehemu ya mazao. Anayechimba kwa sululu anaondoa shamba lenyewe. Hapo jirani, katika hifadhi ya Gombe, ndipo mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipomwona sokwe mwaka 1960 akichomeka kijiti katika kichuguu ili ale mchwa, na kichuguu kikabaki kimesimama. Isitoshe, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2013 kwamba wadudu ni sehemu ya mlo wa watu wapatao bilioni 2 duniani. Ng'ombe anahitaji malisho na maji mengi. Kumbikumbi hadai chochote kwetu ila tumwachie makao yake.

Mama Neema: Ahsante, Mwalimu. Naomba basi tusiwaokote palipopuliziwa dawa, na mwenye mzio wa kamba wa majini aanze kwa tahadhari, kwani wadudu wanaweza kumdhuru vilevile. Wakaushwe vizuri pia, wasiote ukungu wakiwa kwenye ndoo.

Baba Zawadi: Nimewaelewa, wazee wangu. Vijana nitawaelekeza kwenye udongo wa bondeni, ingawa gharama ya kuubeba itaongezeka.

Bibi Mwajuma: Mungu akubariki, mwanangu. Gharama hiyo tuchangie sote tunaokula. Mwalimu, tafadhali andika majina, mimi niwe wa kwanza.