Tupeane uzoefu: surua, homa ya uti wa mgongo na vumbi la kiangazi Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda

Mwana wa Kambi, Moroto: Jana upepo ulitimua vumbi hadi Mlima Moroto ukapotea machoni, nami nikakumbuka kiangazi nilichougua surua nikiwa na miaka 6. Tulilala wanane katika nyumba moja ya bati ya mviringo, na mmoja alipoanza kukohoa huku macho yamekuwa mekundu, wengine tulifuata siku kama 10 baadaye. Mama alitundika blanketi mlangoni kwa sababu mwanga ulinichoma macho. Naomba wenzangu mweleze yaliyowapata.

Bi Mtama: Mimi nilipakwa majivu na pombe ya mtama mwili mzima. Upele haukujali.

Nesi Mstaafu: Pombe haifikii virusi vilivyomo mwilini, dada yangu, huunguza ngozi bure. Sisi tulitoa vitamini A siku mbili mfululizo, kwa kuwa surua humaliza akiba hiyo na yaweza kumwacha mtoto kipofu, hasa miezi ambayo ng'ombe wamehamia malisho ya mbali na maziwa yamekwenda nao. Chanjo ni miezi 9, na tangu 2022 kuna ya pili miezi 18.

Mchuuzi wa Kotido: Mada hii imenirudisha kwenye Februari moja ambayo sipendi kuikumbuka. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 4, alilala akiwa mzima, akaamka usiku wa manane akilia kichwa na kutapika, mwili ukiwa moto. Tulidhani ni malaria, ingawa sote tunajua kwamba malaria ya huku hupamba moto wakati wa mvua. Alfajiri nilipojaribu kumfunga mgongoni kwa kanga alipiga yowe, maana shingo yake ilikuwa imekakamaa kama gogo, hivyo tukasafiri naye juu ya lori la mbuzi, amelazwa mapajani mwangu. Nesi alimwambia atazame ushanga uliokuwa kifuani pake; mtoto aliteremsha macho, lakini kichwa hakikusogea. Daktari alipomchoma sindano kiunoni, maji ya uti wa mgongo yaliyopaswa kuwa maangavu yalitoka kama yaliyooshewa mchele. Alipona. Wiki ya pili nilidondosha sufuria nyuma yake, naye hakugeuka.

Mama Pacha: Pole sana, ndugu yangu. Nimesoma nikasimamisha kazi.

Mzee wa Amudat: Upepo ndio unaouleta ugonjwa huo wa uti wa mgongo. Mvua za kwanza zikishanyesha, hukoma.

Nesi Mstaafu: Kwa heshima zote, mzee wangu, bakteria hao hukaa kooni mwa watu, hata wasioumwa, na hupitia kwenye mate na chafya. Hewa kavu na vumbi hukwaruza utando wa koo, ndipo wanapopata njia ya kuingia damuni.

Mzee wa Amudat: Basi upepo hufungua mlango, nami ndicho nilichosema.

Mama Pacha: Si tulichanjwa dhidi ya homa hiyo Januari 2017? Kwa nini bado tunaogopa?

Nesi Mstaafu: Ile ilikuwa kinga ya aina A ya bakteria hao peke yake, mama. Aina nyingine, kama C na W, haikuzigusa.

Mwalimu wa Nakapiripirit: Mmeyasahau macho. Bibi yangu alining'iniza shingoni koleo dogo la kung'olea kope zilizojikunja kwa ndani kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Kiangazi, jerikani moja ya lita 20 iliyochotwa kwenye mchanga wa mto mkavu hupikiwa na kunywewa. Uso wa mtoto utaoshwa kwa maji gani, na inzi hawaondoki?

Mama Pacha: Mimi hutundika shuka lililolowa dirishani ili vumbi lisiingie.

Mwana wa Kambi, Moroto: Kambini tuliamriwa kufungua madirisha yote ili tusipumuliane. Tufuate lipi?

Bi Mtama: Fungeni mchana, fungueni usiku, na mgeni mwenye kikohozi alale kwa jirani mnayegombana naye.

Mwalimu wa Nakapiripirit: Mchuuzi, dada yako yuko wapi sasa?

Mchuuzi wa Kotido: Ni fundi cherehani hapa sokoni, mwalimu. Husoma midomo ya wateja vizuri kiasi kwamba wengi hawatambui kuwa hasikii. Shida yake ni siku za vumbi kama jana, watu wanapojifunga vitambaa mdomoni.